Karatasi tisa, wazo moja

Mulembe, Senje, shangazi yetu.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nauza vitenge na kushona nguo hapa Luanda, kaunti ya Vihiga, na pia ni katibu wa chama chetu cha wanawake 14. Nina jambo linalonikosesha usingizi, na nikilieleza nyumbani naambiwa natafuta makosa pasipo na makosa.

Chama chetu kina miaka minne. Tulianza kwa kuchanga shilingi 200 kila wiki, tukanunuliana sufuria, kisha magodoro, kisha tukaanza kuweka akiba. Mwaka huu tumefikisha shilingi 310,000, tukasema sasa tuanzishe mradi. Zamani mambo ya namna hii yalikuwa yakiamuliwa na wenye sauti kubwa. Mwenyekiti wetu ni mtu wa haki. Akasema safari hii kila mmoja aende nyumbani akafikirie peke yake, asiulizane na mwenzake, aandike wazo lake kwenye karatasi bila jina. Hata yule anayeogopa kusema mbele za watu atapata nafasi sawa na wengine. Sote tulifurahi.

Siku ya mkutano nilipewa kazi ya kusoma karatasi kwa sauti. Ya kwanza, kuku wa kienyeji walioboreshwa. Ya pili, kuku. Kufikia ya tano mwili ulianza kunisisimka. Halikuwa wazo tu lililofanana, Senje, hata maneno yalifanana. Mtaji mdogo wa kuanzia, soko la uhakika, faida ndani ya miezi sita: mambo hayo matatu, kwa mpangilio uleule. Karatasi 9 zilisema kuku. Tatu zilisema sabuni ya maji, moja ikasema mahema na viti vya kukodisha. Wenzangu walipiga vigelegele. Mmoja alisema Mungu amesema nasi kwa kinywa kimoja. Mimi nilinyamaza, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa miongoni mwa zile tisa na nilijua nimeitoa wapi. Nilikuwa nimeuliza simu, ile programu ya akili mnemba, usiku nikiwa kitandani. Ilinipa mawazo matatu, kuku, sabuni na mahema. Nikachagua kuku. Nililala nikiwa na raha kwamba nimefikiri.

Karatasi ya 14 ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kwa mkono unaotetemeka. Ilisema tukodi shamba kando ya mto Yala, tununue pampu, tulime mboga za kienyeji, managu, saga na mrenda, za kuuza Januari na Februari wakati jua limekausha kila mahali. Kila mtu alijua ni ya nani, maana mama huyo ndiye peke yake mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Tukapiga kura, kuku wakashinda. Yeye mwenyewe aliinua mkono kuunga kuku, akasema, "Wengi wape."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwenye simu kusoma mazungumzo yangu ya nyuma. Mume wangu anafanya kazi Nakuru, na kwa mwaka mzima amekuwa akitaka mimi na watoto tuhamie huko. Mwezi wa tatu, jioni moja ambayo duka lilikuwa limeuza vizuri, niliuliza: "Kweli ni busara niache duka linaloendelea nikaanze upya Nakuru?" Ikanieleza vizuri sana kwa nini nibaki. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimekosana na mama mkwe. Nikauliza: "Nimechoka na maneno ya hapa, si afadhali nimfuate mume wangu Nakuru?" Ikanieleza vizuri sana kwa nini nihame. Mara zote mbili niliona kwamba hayo ndiyo mawazo yangu hasa. Mara zote mbili nilimwandikia mume wangu ujumbe, na ujumbe wenyewe niliandikiwa. Mara ya pili alipiga simu akaniuliza, "Ni nani anayekuandikia? Hii si sauti yako." Nilikosa jibu.

Hakuna aliyenilazimisha, Senje. Mimi ndiye niliyeuliza na mimi ndiye niliyechagua. Mbona basi najiona kama mtu aliyechaguliwa? Na nifanye nini kuhusu chama, maana mwisho wa mwezi tunakutana ili pesa zitolewe benki?

Katibu, Luanda

*

Mulembe, mwana wa kaka yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili polepole, na nilipofika kwenye karatasi ya penseli nilisimama kidogo. Nitarudi hapo. Kwanza nikutue mzigo mmoja: hutafuti makosa pasipo na makosa. Macho yako yameona vizuri, na ninafurahi kwamba aliyepewa karatasi zile azisome alikuwa wewe.

Unalijua soko la Luanda kuliko mimi. Mama wa omena hakuulizi kama unataka omena. Anashika gorogoro, kopo lake la kupimia, anakuuliza, "Nikupimie gorogoro moja au mbili?" Ukisema moja, unaondoka ukijiona umejizuia, umetumia pesa kwa akili. Lakini jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla hujafungua mdomo, pale alipofanya swali liwe la kiasi gani badala ya kununua au kutonunua. Simu yako ilipokupa kuku, sabuni na mahema, ilikuwa imeshika gorogoro. Ulichagua, ndiyo. Ila shamba la kando ya Yala halikuwamo kwenye kipimo, na kitu kisichotajwa hakuna anayekikataa. Kinapita tu kama hakikuwahi kuwapo.

Wenye kampuni kubwa wanalijua jambo hili na wanaligharamia. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, nyaraka za mahakama zilionyesha kwamba mwaka wa 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo mtambo wa kutafutia habari mtandaoni unaokuja tayari kwenye simu zake. Mwenye simu ana uhuru kamili wa kuubadilisha, ni kubonyeza mara chache. Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Mimi nilikulia sokoni Chavakali nikimsaidia mama kuuza ndizi, na najua mfanyabiashara hatoi pesa kama hizo kununua nafasi ya mbele kama wateja hawachukui kilicho mbele.

Sasa, kwa nini karatasi tisa zilisema neno moja? Programu hizi hazikai chini zikaiwaza Luanda. Zimelishwa maandishi mengi mno, mengi yakiwa ya Kiingereza na ya nchi za mbali, zikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiuliza juu ya mradi wa wanawake wa kijijini Kenya, unarudishiwa yale ambayo yameandikwa mara nyingi kuhusu watu wanaofanana nawe. Ndani yake huchanganywa bahati nasibu kidogo ili majibu yasiwe nakala tupu, ndiyo maana watatu wenzako walitua kwenye sabuni na mmoja kwenye mahema. Lakini umeona mwenyewe kwamba hakuna aliyetoka nje ya yale matatu isipokuwa yule asiyeuliza. Bei ya fungu la managu mwezi wa Februari hapo kwenu haiko kwenye maandishi hayo. Wanaoijua hawakuiandika popote. Waliifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa zenyewe.

Mtu anaweza kusema watu walifuatana hata kabla ya simu hizi, na ni kweli. Unakumbuka kware? Mwaka wa 2013 kuingia 2014 nchi nzima ilikuwa ikizungumza mayai ya kware. Watu waliweka akiba zao humo, wakaenda kuomba leseni kwa shirika la wanyamapori, kisha vizimba vikajaa kila boma, bei ikaanguka na mayai yakakosa wa kuyanunua. Nina jamaa walioumia. Lakini aliyefuga kware alijua anamfuata jirani. Aliviona vizimba vya jirani kwa macho yake, na kama angetulia angeweza kujiuliza, sote tukifuga, atakayekula ni nani? Ninyi tisa mliambiwa kila mmoja kivyake, usiku, kitandani, na kila mmoja akaamka akiamini ameifungua njia mwenyewe. Hilo ndilo jipya, na ndilo linaloniogopesha. Mwenyekiti wenu aliwatenganisha kwa nia njema ili muwe huru, na kutenganishwa huko ndiko kulikowakabidhi kwa mshauri mmoja ambaye hakuna aliyemwona ameketi kwa mwenzake. Na hamko peke yenu wenye simu. Ushauri unaomfaa mtu mmoja huharibika ukipewa watu wote msimu mmoja. Sina neno dhidi ya kuku, nawafuga hadi leo. Lakini waliowahi kuamka asubuhi wakakuta kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, imepita usiku hawaandiki "soko la uhakika" kwa wepesi huo.

Hapo ndipo narudi kwa mama wa penseli. Wengi wape, tunasema, na yeye aliiheshimu methali. Lakini siku ile hapakuwa na wengi. Palikuwa na mmoja aliyehesabiwa mara tisa.

Tuje Nakuru, maana nadhani hapa ndipo panapokuuma zaidi ingawa umepaandikia mistari michache. Yasome tena maswali yako. "Kweli ni busara niache duka." "Si afadhali nimfuate." Jibu lilikuwa limelala ndani ya swali, wewe ukaenda kuliamsha. Programu hizi zikishalishwa maandishi hufundishwa tena kwa njia nyingine: watu huwekewa majibu wayapime, hili zuri, hili baya, na sisi binadamu tunampenda anayetukubalia. Aprili 2025 OpenAI, kampuni yenye programu ya ChatGPT, waliliondoa toleo jipya siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilizidi kuwasifu watu na kuwaunga mkono kwa kila walichosema. Walikiri wenyewe. Toleo lile liliondolewa, lakini mvuto wa kumpendeza anayeuliza haukwenda nalo. Fanya hivi leo jioni: andika kana kwamba wewe ni mume wako. Sema uko Nakuru mwaka mzima, unapika peke yako, watoto wanakua bila wewe, mke anakataa kuja. Utaona jinsi atakavyohurumiwa.

Kwa hiyo jioni ile ya kwanza ulisikia mwangwi wa siku nzuri ya biashara, na mara ya pili ukasikia mwangwi wa hasira ya mkwe. Ulikuwa unarudishiwa sauti yako ikiwa imenyooshwa na kupigwa pasi, hata ukashindwa kuijua. Mume wako ndiye aliyeikosa. Nakuomba usilipite hilo haraka. Mtu aliye kilomita nyingi kutoka kwako anajua sauti yako vizuri hivyo, halafu uamuzi unaomhusu yeye ukaupeleka kwingine.

Na kuna jingine. Swali lako lilikuwa na milango miwili, kubaki au kuhama, na milango hiyo uliijenga wewe kabla simu haijasema chochote. Je, yeye hawezi kurudi? Je, unajua ni nini hasa anachokikosa huko, ni chakula, ni watoto, ni wewe, au ni aibu ya kuonekana mwanamume asiye na mke karibu? Mwaka mzima ni mrefu. Gorogoro wakati mwingine tunaishika sisi wenyewe.

Nikwambie jambo ambalo sisemi mara nyingi. Sisi masenje tumewaelekeza watu tangu zamani. Binti alipoletwa kwangu kwa habari ya mchumba, sikumfungulia dunia nzima achague. Nilitaja niliyotaka kuyataja na kuyanyamazia mengine, na wapo ambao hadi leo sina hakika kama niliwatendea haki. Siwezi kukuambia kwamba sisi tulikuwa tukiwapa watu uhuru, mashine ikaja ikaunyakua. Lakini binti yule alinijua. Alijua senje huyu haipendi familia ile kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, akalipima neno langu kwa mizani hiyo. Alikuwa na nyanya yake, akienda huko anapata neno lingine. Na ndoa ilipovunjika alirudi kulia jikoni kwangu, na mimi nikabeba lawama mbele ya kaka yangu. Hiyo programu hata ukikosea haitakutana nawe sokoni. Iulize habari. Maisha yako waulize watakaokuwapo yakiharibika.

Usiitegemee sheria ikufanyie kazi hii. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, kwa mfano mkopo unapoombwa na kukataliwa bila mtu kuangalia. Ni kifungu kizuri, kinakukinga mtu mwingine akikuamulia hivyo. Wewe ukijipeleka kwa miguu yako, hakina la kusema.

La kufanya sasa. Simu usiitupe, ina kazi zake, na wewe una duka la kuendesha. Ila kwa jambo lolote litakalobadilisha mahali unapolala au pesa za watu wengine, chukua kalamu kwanza. Andika unachokitaka na unachokiogopa, hata kama sentensi zimepinda. Kilaze siku mbili. Ukitaka kuuliza baada ya hapo, uliza pande zote mbili, kisha uliza ni nini ambacho hakijatajwa, na ushike karatasi yako mkononi unaposoma. Utajua palepale ni wapi umeongezewa maarifa na ni wapi umevutwa.

Mume wako mpigie, usimwandikie. Mwambie ukweli, kwamba zile jumbe mbili ziliandikwa na mashine, na kwamba bado hujui unataka nini. Najua itakuwa vigumu kulitamka. Shule zikifungwa nenda na watoto mkakae Nakuru wiki moja. Tembea soko la Wakulima asubuhi, tazama mafundi wa nguo wamejaa kiasi gani, uliza kodi ya kibanda kwa anayeilipa. Ulale nyumba anayolala. Mkirudi Luanda mtakuwa na jambo la kuzungumza ninyi wawili.

Kuhusu chama, anza na karatasi yako mwenyewe. Simama useme: ile ya kuku ya tatu, au ya sita, ilikuwa yangu, na niliitoa kwenye simu. Usimtaje mwingine. Nadhani mikono mingine itainuka yenyewe, na isipoinuka watakuwa wamesikia. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyedanganya, kwa hiyo usiruhusu mkutano ugeuke wa kutafuta mwenye hatia. Omba kitu kimoja tu, kwamba kura irudiwe baada ya mawazo yote kuulizwa maswali ya watu wanaoishi hapo. Kuku: nani kati yetu amewafuga wakavuka msimu wa kideri, na chanjo alipata wapi, na tukiwa na mia tatu siku moja tunamuuzia nani? Mboga: shamba ni la nani, ana makaratasi, pampu italindwa na nani usiku, na nani atainama kuchuma saa kumi na moja alfajiri? Sabuni na mahema nayo yaulizwe. Kuku wakishinda tena baada ya hapo, wafugeni kwa moyo mmoja, na mimi nitafurahi kusikia.

Lakini yule mama asiambiwe tu atoe wazo lake kwa dakika mbili kisha ashukuriwe. Mpeni muda. Mtu wa umri wake hakuandika pampu na Januari kwa kubahatisha. Kuna miaka nyuma ya maneno yale, kuna kiangazi alichokitembea na kikapu kichwani akiwa peke yake mwenye mboga. Alipoinua mkono kuunga kuku alikuwa anawaheshimu. Ninyi hamjamheshimu bado.

Pesa ziko benki. Siku ya mkutano nenda mapema, ukae kando yake, umuulize mto Yala hushuka kiasi gani mwezi wa Januari.

Senje